Breki Zilizopona Zenyewe: Kisa cha Mteremko wa Marangu

Kisa hiki kilitokea siku za mwisho za Desemba, kwenye barabara ya lami inayoshuka kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo. Mimi ni fundi magari mjini Moshi. Gari la kwanza lililetwa gereji kwangu kesho yake asubuhi likiwa limevutwa, la pili likaja lenyewe mchana. Nimezungumza na madereva wote wawili na mama aliyeumia, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wameridhia kisa kiandikwe ili wengine wajifunze. Majina, namba za magari, tarehe na eneo hasa nimeviacha.

Usuli

Baba Junior (si jina lake) ni mwenyeji wa Marangu anayefanya kazi Dar es Salaam. Kila Desemba hupakia familia na kupanda nyumbani, ile safari watu wanayoiita kwenda kuhesabiwa. Gari lake ni la juu, otomatiki, la petroli, alilitoa bandarini miaka sita nyuma. Si mtu wa kutupa gari. Oili anamwaga kila kilomita 5,000 bila kukosa, na kijitabu cha kumbukumbu kimo kwenye droo ya dashibodi. Nilikipitia ukurasa kwa ukurasa. Chote ni oili na filta. Breki zimeandikwa mara moja tu, pedi za mbele (vile vibao vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame), miaka mitatu iliyopita. Mafuta ya breki hayamo kabisa.

Naliona hili kila mwaka. Dar ni tambarare. Breki za kule zinasagika lakini haziungui: unakanyaga kwenye foleni, zinapoa, unakanyaga tena. Mtu anaweza kuzunguka Kariakoo na Mbagala miaka mitano na breki zilizochoka asijue, kwa sababu hakuna barabara inayomuuliza swali. Huku kwetu barabara inauliza. Lango la Marangu, la kuingilia Hifadhi ya Kilimanjaro, liko takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, na Moshi mjini haufiki mita 950. Tofauti yote hiyo gari linalotoka langoni lazima lishuke, na kinacholizuia lisikimbie ni injini au breki.

Wakati wa kupanda, magurudumu ya mbele yalianza kulia walipofika Korogwe. Mlio mwembamba, kila akikanyaga. Walipofika nyumbani shemeji yake aliusikia pale uani.

"Shemeji, hizo breki zinalia."

"Zinalia tangu Korogwe, na zimetufikisha."

Pedi nyingi zina kichuma kidogo pembeni kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi inapokaribia kuisha. Kile kilio ni pedi inaomba kubadilishwa. Shemeji alijitolea kulipeleka gari Himo kwa fundi, lakini ilikuwa sikukuu, mafundi wengi wamefunga, na waliobaki wana foleni. Likaachwa.

Gari la pili ni Noa ya abiria ya Marangu na Moshi. Si mali ya dereva. Anampelekea bosi hesabu kila jioni, kinachozidi ndicho chake. Desemba abiria ni wengi na kila tripu ina maana. Taa zake za breki za nyuma zilikuwa zimekufa zote mbili, kwa maneno yake mwenyewe, "kama wiki mbili hivi." Bosi alijua. Dereva alijua. Konda naye alijua.

Mfululizo wa tukio

Familia iliondoka nyumbani jioni, ikalale Moshi mjini kwa dada wa Baba Junior ili alfajiri waanze safari ya Dar. Ndani walikuwa watu saba. Juu ya keria mikungu minne ya ndizi, kwenye buti maparachichi na magimbi. Upepo wa tairi haukuongezwa kwa ajili ya mzigo huo.

Baba Junior alianza kushuka akiwa kwenye D, gia ya mwendo wa kawaida, mguu umekaa juu ya pedali ya breki, haukanyagi sana wala hauachii. Ndivyo alivyonieleza na ndivyo wengi wanavyoshuka. Baada ya dakika chache mkewe akasema, "Baba Junior, kuna kitu kinaungua." Mbele kulikuwa na lori la mchanga. Akamjibu kwamba ni lile lori. Wakalipita, lakini harufu haikubaki nyuma.

Hapo ndipo Noa ilipowafikia. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Dereva wa Noa aliwasha fulu, zile taa kali za mbele, akasogea karibu kiasi kwamba Baba Junior hakuziona tena taa zenyewe kwenye kioo, aliona mwanga tu umejaa. Honi mara mbili, mara tatu. Nilimuuliza dereva wa Noa alikuwa umbali gani. Akanionyesha kwa mikono pale gereji: kutoka ukutani hadi kwenye jeki. Nilipima baadaye, ni mita tano. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linatembea karibu mita 14 kila sekunde. Ile nafasi aliyoiacha ilikuwa nusu ya sekunde haifiki.

Baba Junior hakupisha. Aliongeza mwendo, kutoka 50 hadi karibu 65. "Nilijiona nasukumwa," aliniambia, "na nikaona nikikimbia atatulia." Alivyozidi kukimbia ndivyo alivyozidi kukanyaga breki kwenye kila kona.

Hatimaye akaamua kupisha. Mbele kidogo, baada ya kona, alijua pana upana mbele ya duka. Akawasha indiketa ya kushoto.

Wanaoendesha barabara kuu za nchi hii wanajua lugha ya indiketa. Lori likikuwashia kulia lina maana usipite, kuna kitu mbele. Likikuwashia kushoto, pita, kweupe. Dereva wa Noa aliisoma hivyo. Kwake ile kushoto ilikuwa ruhusa. Akatoka kwenda kupita, palepale kwenye kona, akakutana uso kwa uso na bodaboda inayopanda. Akachomekea mbele ya gari la Baba Junior, na mita chache mbele yake kulikuwa na tuta. Akafunga breki.

Nyuma ya Noa hakuna taa iliyowaka.

Baba Junior aliona Noa inakua kubwa kabla hajaelewa kwamba inasimama. Akakanyaga. Pedali ikaenda chini laini, "kama kukanyaga sifongo," ikafika sakafuni. Akakanyaga tena, vilevile. Akakata kushoto. Sait mira yake ya kulia ikagonga kona ya bampa ya Noa, gari likaingia pembeni ya barabara, likapita juu ya matenga mawili ya ndizi yaliyokuwa yamepangwa kwa kuuzwa. Mama mwenye matenga alikuwa ameinama anafunga kanga kichwani ili aondoke. Aliruka mtaroni. Baba Junior akavuta handibreki, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo wa kihamba (shamba la nyumbani), likakwaruza, likasimama. Watu wote saba walikuwa wamefunga mikanda isipokuwa mtoto mmoja aliyepakatwa.

Trafiki alipofika, kama nusu saa baadaye, alifanya jambo la busara: aliingia kwenye gari akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu, imesimama juu. Akakanyaga mara ya pili. Nzima. Akamtazama Baba Junior na kumwambia, "Mzee wangu, breki hizi zinashika." Watu waliokusanyika wakaanza kuguna. Mpaka gari linafika kwangu, hata mkewe alikuwa ameanza kuamini kwamba mume wake alikanyaga mafuta akidhani ni breki.

Nilichokuta gereji

Nilikanyaga pedali kabla ya kugusa kitu kingine. Trafiki alisema kweli: ilishika.

Nikafungua gurudumu la mbele la kushoto. Diski ilikuwa na rangi ya bluu iliyochanganyika na zambarau, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Pedi ya ndani ilibaki nyembamba kuliko sarafu ya shilingi 200, upande mmoja chuma kimeshaanza kuchora diski. Ya nje ilibaki milimita mbili hivi, uso wake umekauka na kung'aa kama kioo. Pedi iliyoungua namna hiyo haiumi tena diski, inateleza juu yake.

Halafu nikafungua kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mapya hufanana na ya kupikia, ukiyamimina yanaonekana upande wa pili. Haya yalikuwa chai ya rangi. Ninacho kifaa kidogo kama kalamu, unakichovya na kinawasha taa: kijani mafuta mazima, nyekundu maji yamezidi. Kiliwasha nyekundu moja kwa moja.

Hapo kisa kilifunguka. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo kila siku, na hewa ya pwani inao mwingi. Aina ya DOT 3, iliyokuwa kwenye gari hili, ikiwa mpya inatakiwa kuvumilia angalau nyuzi joto 205 bila kuchemka. Ikishavuta maji kwa kiwango kinachotumika kuipimia, kinachohitajika ni 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Mafuta ya miaka sita yanaweza kuwa chini zaidi ya hapo. Breki zikipata moto mafuta yanachemka ndani ya kalipa (kifaa kinachosukuma pedi), yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei ila mvuke unabonyea. Kwa hiyo nguvu yote ya mguu inaishia kubana mvuke, na pedi hazisukumwi. Breki zikipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na pedali inasimama kama kawaida. Nusu saa pembeni ya barabara inatosha.

Nilimpigia yule trafiki simu nikamweleza. Nashukuru alisikiliza. Nilimweleza na mke wa Baba Junior, na nikamwonyesha diski. Aliishika muda mrefu bila kusema kitu.

Mengine niliyokuta nayataja haraka. Waya wa handibreki ulilegea, ulihitaji kuvutwa hadi jino la mwisho. Tairi mbili za nyuma zilikuwa na namba nne za mwisho ubavuni zinazosomeka kuwa zimetengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2013. Kashata zake, ile michoro inayokanyaga barabara, zilionekana nzuri, lakini mpira umepasuka nyufa nyufa. Kwenye Noa, balbu mbili zimekatika. Balbu moja ilikuwa shilingi 2,000.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutopeleka gari kwa fundi ulikuwa na sababu ya kweli, sikukuu, na sitaki kuudharau. Lakini palikuwa na siku nne kati ya kufika na kuondoka, na shemeji alikuwa tayari kukaa foleni. Kilichoamua ni lile neno "zimetufikisha." Breki kukufikisha jana ni habari ya jana.

Kushuka kwa D lilikuwa jambo la kutojua. Nilimuuliza zile L na 2 kwenye gia ni za nini, akanijibu ni za kwenye matope. Alikuwa na gari miaka sita na hakuna aliyemwambia kwamba ni za kushukia pia, kwamba injini ikiwa kwenye gia ndogo inalishika gari lenyewe na breki zinapumzika. Hapa lawama nawagawia na sisi mafundi. Tunamwaga oili, tunapokea hela, hatuongei.

Kutopisha ndio uamuzi alioutetea kwa muda mrefu zaidi. Aliona yule wa nyuma hana adabu, na mtu asiye na adabu hapishwi. Namwelewa. Lakini kupisha hakukuwa kumpa Noa zawadi, kulikuwa kumtoa mtu nyuma ya watoto wake. Na kama angesimama pale kwenye upana wa kwanza, breki zingepata dakika tano za kupoa na ile harufu ingemfikia vizuri.

Dereva wa Noa aliniambia, "Fundi, mimi nilikuwa nakimbizana na hesabu." Sababu ya taa ilikuwa hiyohiyo: kusimama kufunga balbu ni kupoteza zamu kituoni. Kuhusu fulu alisema wote wanafanya, ndiyo njia ya kumwambia mtu asogee. Kwamba mwanga ule unamfanya wa mbele asione kona vizuri hakuwahi kulifikiria kutoka kwenye kiti cha mbele.

Matokeo

Mama wa ndizi alitegua kifundo cha mguu. Alipewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa), akatibiwa, akakaa nyumbani wiki sita bila kuuza. Madereva wote wawili waliandikiwa makosa. Matibabu na ndizi waligawana, na Baba Junior akaongeza fedha ya zile wiki sita, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Bima yake ilikuwa ndogo, isiyolipia gari la mwenyewe, hivyo matengenezo ya gari lake yalitoka mfukoni: diski mbili, pedi, mafuta mapya ya DOT 4 na kutoa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne, waya wa handibreki, tairi mbili, sait mira, na kunyoosha mlango. Noa ilifungwa balbu zake mchana ule. Ilichukua dakika kumi.

Uchambuzi

Familia iliniletea kisa hiki kikiwa na mkosaji mmoja, dereva wa Noa. Wenzake wa Noa walikuwa na mkosaji mmoja pia, mzee wa Dar asiyejua mlima. Nimekaa nacho muda mrefu na siwezi kukigawa hivyo. Ustaarabu barabarani na matunzo ya gari ninaviona kuwa kitu kimoja: vyote ni nafasi unayomwachia mwenzako ya kukosea. Dereva wa Noa alikaa mita tano nyuma kwa kuamini kwamba gari la mbele ni zima. Baba Junior alimfuata Noa kwa kuamini kwamba ikisimama itaonyesha. Kila mmoja alikula akiba ya mwenzake, na akiba yenyewe haikuwepo.

Lipo jambo la joto ambalo nataka lieleweke kwa namba. Gari la tani mbili likishuka mita 100 za wima kwa mwendo uleule, joto linalopaswa kwenda mahali fulani linatosha kuchemsha karibu lita sita za maji ya baridi. Sehemu ndogo inachukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Inayobaki unachagua mwenyewe iende kwenye injini, yenye rejeta ya kuipoza, au kwenye pedi nne za mbele zenye upana wa kiganja cha mtoto. Ongeza ndizi, ongeza watu saba, ongeza na yule anayekupigia honi ili ukimbie. Mwendo ukipanda kutoka 40 hadi 80, kila unaposimama breki zinabeba joto mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana nasema dereva wa nyuma alikuwa anachemsha mafuta ya breki ya gari lisilo lake.

Indiketa inastahili neno lake. Ile lugha ya malori ina faida zake, imewasaidia wengi nyuma ya semi, lakini alama moja kuwa na maana mbili ni hatari kubwa. Mtu anayetaka kupisha kwenye mteremko na awashe kushoto mapema, apunguze mwendo waziwazi, na asogee kabisa. Na anayeona kushoto imewashwa ajue kwamba macho ya mtu mwingine hayamruhusu kupita kwenye kona. Aliyewasha hawezi kuona bodaboda kwa niaba yako.

Yapo yaliyokwenda vizuri na nataka yahesabiwe. Baba Junior alikanyaga mara ya pili badala ya kuganda. Mara nyingine kupampu pedali haraka hurudisha breki kidogo, ingawa siku ile haikurudisha. Alikumbuka handibreki, ambayo kwenye gari lile inavutwa na waya na haitegemei mafuta hata tone. Aliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, likapoteza mwendo kwa kukwaruza badala ya kugonga. Alichosahau ni kushusha gia kwenda L, ambako kungemsaidia kuliko vyote hivyo. Mikanda ilikaza kifuani, na mtoto aliyepakatwa alipona kwa sababu tu gari halikugonga. Hilo la mtoto nililisema mbele ya wazazi wote wawili, na nilisema kwa ukali.

Safari ya pili

Kabla hawajarudi Dar nilimwomba Baba Junior anipeleke Marangu Mtoni kisha tushuke, mimi na yeye tu. Tukashuka kwenye 2, sehemu kali kwenye L. Injini ilinguruma, akataka kurudisha D, nikamwambia aiache. Alikanyaga breki kwa muda mfupi na kwa nguvu pale tu mwendo ulipozidi, kisha akaachia kabisa. Nyuma yetu likatokea gari la abiria na fulu zake. Baba Junior akawasha kushoto, akapunguza, akasogea mbele ya lile duka, akasimama. Gari lile likapita, konda akainua mkono.

Himo tulishuka nikamwambia aweke kiganja karibu na rimu ya mbele, bila kuigusa. Akasogeza pole pole, akasita, kisha akakiacha pale. Ilikuwa vuguvugu.